Rangi ya Ganda la Yai

Nyumba ilinuka rangi mbichi. Dalali aliisikia harufu hiyo kabla hajamaliza kuzungusha ufunguo, akasimama kizingitini akinusa huku na huku kama mtu anayetafuta nguo inayoungua. Hapakuwa na fundi humo. Hapakuwa na kopo wala brashi, wala hata tone sakafuni. Kuta zilikuwa zile zile za siku zote, zimefifia na kuchujuka, hazijaguswa kwa miaka. Akafungua dirisha la jikoni, akajiambia kwamba ni majirani wanapaka.

Majirani hawakuwa wakipaka. Dalali alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu rangi hiyo aliitunga yeye kwa mdomo wake mwenyewe, na ilikuwa uongo mtupu.

Tuanze na yeye. Kuuza nyumba za watu ndiyo kazi iliyomlisha na kumsomeshea mwanawe, na wote walimwita Dalali, hata huyo mwanawe akinuna. Ofisini walisema anaweza kumuuzia kipara kitana, na kipara akarudi kesho yake kutaka kingine. Lakini kila mwenye ulimi ana siku yake ya kigugumizi, na ya Dalali ilikuja na nyumba hii.

Mume wa shangazi yake, sasa marehemu, alikuwa msanifu wa majengo, na aliijenga enzi za ujana wake, wakati vijana wenye vyeti vipya walitaka kila kitu kifanane na kesho. Paa alilifanya bapa kama meza, watu wakadhani fedha zimemwishia njiani. Ukuta wote wa mbele ulikuwa kioo, kutoka sakafuni hadi darini. Ngazi zilikuwa mbao tupu zilizoning'inia. Ukipanda unaona chini kati ya kidato na kidato. Katikati ya korido aliuacha mti uliokuwapo tangu kiwanja kikiwa pori, ukatokeza kwenye tundu la paa, na mvua ikinyesha unaoga humo humo ndani. Sebule nayo aliichimbia. Unashuka kwenye shimo la mraba lenye viti vya kujengea pande zote, na ukiketi, macho yako yako usawa wa miguu ya anayepita. Mapazia aliyapiga marufuku. Asiye na la kuficha, alisema, haogopi mwanga. Mtaa ukaiita nyumba hiyo Kabati la Vyombo.

Wanunuzi walikuja, wakacheka, wakaenda zao. Mmoja aliuliza kama mtu akigombana na mkewe majirani hulipa kiingilio. Mwingine alisema mwizi wa mtaa huu hana haja ya kuchungulia, anachagua tu. Dalali aliwakumbusha kwamba nyumba njema si mlango, waingie ndani. Wakamjibu kwamba ndani yote wameshaiona wakiwa barabarani.

Shangazi ndiye aliyemlea Dalali tangu alipofiwa na baba. Alizeekea ndani ya Kabati hilo peke yake, akijipaka mafuta ya karafuu magotini kila jioni ndani ya lile shimo la sebule, mtaa mzima ukimwona na kumpungia mkono. Kisha siku moja aliteleza kwenye zile ngazi, akalala sakafuni hadi muuza maziwa alipomwona kupitia kioo. Ndugu wakakaa kikao. Wakaamua bibi asiishi tena peke yake, na nyumba iuzwe. Wakaamua pia kwamba, kwa kuwa Dalali ndiye kipenzi chake, basi Dalali ndiye atakayemwambia.

Dalali hakumwambia. Alifika asubuhi na maneno yote kinywani, akamkuta Shangazi anafuta majani ya ule mti kwa kitambaa kibichi huku akiuongelesha, na moyo ukamwisha. "Shangazi," akasema, "tunaipaka nyumba rangi. Njoo ukae kwangu kidogo, mpaka ikauke."

Bibi alifurahi kama mtoto aliyeahidiwa viatu. Akauliza ni rangi gani, Dalali akasema ya maziwa. Shangazi akakunja uso. Ya maziwa inachosha macho, alisema, waambie mafundi waweke ya ganda la yai. Dalali akasema atawaambia. Ili aiuze hakuhitaji hata saini ya mtu, kwa maana hati ya kusimamia mambo yake yote Shangazi alikwisha kumpa tangu siku ile ya kuanguka, bila kuisoma, kwa kumwamini.

Akampeleka kwake, kwenye chumba cha uani. Alimfungulia mlango kwa mikono miwili, kama afanyavyo kwa wateja, na maneno ya kazi yakamtoka yenyewe. "Karibu. Jisikie uko kwako. Chumba hiki ni chako, kilikuwa kinakusubiri wewe." Sauti yake mwenyewe ilimchukiza.

Tangu hapo, kila asubuhi Shangazi alipanga nguo zake mkobani na kuuweka mkoba karibu na mlango. Kila jioni Dalali akirudi, bibi humuuliza kwa upole ule ule, "Rangi imekauka?"

"Bado, Shangazi. Unyevu."

Kisha Dalali hukimbilia jikoni kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa, uso ukimwaka. Aibu ya namna hiyo haina pa kwenda, maana aliyekosewa bado anakushukuru kwa wema wako.

Sasa, Dalali alikuwa na mazoea ya kazi ambayo hakuwahi kumweleza mtu. Kabla ya kuonyesha nyumba yoyote, alipita humo peke yake akiyasema maneno yake kwa sauti, chumba hadi chumba, ili ulimi usije kukwama mbele ya mteja. Katika nyumba za wengine alinong'ona, kwa sababu wenyewe walikuwamo. Katika Kabati la Vyombo, kwa kuwa hakukuwa na mtu, alipaza sauti. Alisimama ukingoni mwa lile shimo la sebule, akafungua mikono, akaviambia viti vitupu: karibu, jisikie uko kwako, nyumba hii ni yako, ilikuwa inakusubiri wewe. Alifanya hivyo tena na tena kadiri wanunuzi walivyozidi kumkataa. Mara moja alinyamaza kidogo, kumpa nafasi mteja wa kufikirika ajibu, akasikia mto mmoja wa kiti ukishusha pumzi, kama mito inavyofanya mtu akikalia. Akadhani ni upepo, japo madirisha yalikuwa yamefungwa.

Harufu ya rangi ilianza baada ya hapo.

Wakatokea watu waliotaka kununua kweli, daktari wa meno na mkewe. Daktari alipenda mistari iliyonyooka ya ile nyumba, mke alipenda mti. Walikuja alasiri, na Dalali aliona nyusoni mwao ile hali anayoijua, ya mtu ambaye moyoni amekwisha kupanga viti vyake. Akafungua madirisha yote kupambana na ile harufu. Mke akatangulia sebuleni, na daktari akaegemea ukuta wa jikoni akiuliza habari za bomba.

Alipojitoa ukutani, bega la koti lake lilikuwa limejaa rangi. Ilikuwa nyeupe isiyo nyeupe. Ilikuwa ya ganda la yai.

"Ungetuambia mnapaka," alisema daktari, bila ukali.

Dalali alishika kitambaa, akasugua koti, akaomba radhi. Ukuta aliutazama, ulikuwa umefifia vile vile, mkavu kwa macho. Alipokuwa akisugua, aliisikia sauti ya mke wa daktari kutoka sebuleni, inasema kidogo, inanyamaza, inaitikia kwa adabu, kama mtu anavyozungumza na mkubwa wake. Yule mama aliporudi jikoni macho yalikuwa mekundu, na hakumtazama mumewe. Alimtazama Dalali.

"Yule bibi mnampeleka wapi?" aliuliza.

"Bibi yupi?"

"Aliyeketi kule shimoni, anajipaka magoti. Ameniuliza kama rangi imekauka arudi kwake. Nikamwambia sisi ndio tunanunua. Hakunielewa. Anasema wewe ulimwambia ni rangi tu."

Haya ilimfika Dalali kabla ya woga. Ilimpanda hadi masikioni, na kwa muda hakujiuliza kabisa nani aliyeketi kule. Aliwaza tu kwamba sasa kuna mtu anayejua. Alipopata miguu, alikwenda sebuleni. Shimo lilikuwa tupu. Mto mmoja ulikuwa umebonyea, na harufu ya karafuu ilikuwa imesimama juu yake.

Daktari wa meno alivaa koti lake chafu. "Sisi hatununui nyumba yenye mwenyewe ndani," alisema, na mkewe alikuwa amekwisha kutangulia nje.

Dalali alipiga simu nyumbani. Mwanawe akamjibu kwamba bibi yupo uani, anakunja nguo, anauliza kama leo atachukuliwa.

Ilimbidi arudi kesho yake, kwa sababu kwa ile fadhaa aliacha madirisha wazi, na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Alifika jua likizama. Akafunga dirisha la jikoni, akafunga la korido, akipita kando ya mti bila kuugusa, na kwa kuwa giza lilikuwa limeanza kujaa pembeni aliwasha taa, na papo hapo kile kioo kikubwa, ambacho mchana hukuonyesha barabara, kikageuka kuwa kioo cha kujitazamia, barabara ikatoweka, na mbele yake ikasimama sebule ya pili iliyofanana na hii kila kitu, taa zile zile, mti ule ule nyuma, yeye mwenyewe amesimama na funguo mkononi, na ndani ya shimo la ile sebule ya kwenye kioo alikuwa ameketi mtu mdogo aliyejifunika mtandio, mgongo umeinama, mikono inakwenda na kurudi juu ya magoti polepole, kwa subira, kama mtu ambaye ameambiwa asubiri naye hana sababu ya kutoamini, na Dalali, ambaye hakuthubutu kugeuka kutazama shimo lenyewe, alisikia nyuma yake ngozi ikisuguana na ngozi, akasikia karafuu na rangi mbichi zikichanganyika kooni mwake mpaka machozi yakamtoka, akaona ile mikono kwenye kioo inasimama, na kile kichwa kinainuka taratibu kumwelekea, na ndani ya mtandio hapakuwa na uso, palikuwa na ukuta laini uliopakwa vizuri, rangi ya ganda la yai, na ukuta huo ukasema kwa sauti ya Shangazi, kwa upole ule ule wa kila jioni, "Rangi imekauka?"

Dalali alikimbia na kuacha mlango wazi.

Mtabibu ambaye Dalali alimleta kwenye nyumba hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mkoba mkubwa na miwani iliyofungwa uzi. Alitibu wenye majini kwa visomo na mafusho, na hakuwa na subira na watu waongo. Alivua viatu mlangoni, akaweka kiganja ukutani, akakitazama, akakipangusa kwenye leso. Kisha akauliza nani mwenye nyumba.

"Mimi nina hati ya usimamizi," Dalali alisema.

"Sikukuuliza karatasi."

Dalali akamtaja Shangazi. Mtabibu alishuka akaketi ukingoni mwa shimo, akazungumza kwa sauti ya chini isiyosikika vizuri. Akanyamaza, akatikisa kichwa, akazungumza tena. Hakuwasha kitu. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kusuluhisha ugomvi akakuta mwenye makosa ni ndugu yake.

"Anasema hakuvunja mlango," alieleza. "Alikaribishwa, tena mara nyingi, kwa sauti tamu. Akaambiwa nyumba ni yake, ilikuwa inamsubiri yeye. Na alisikia kwamba itapakwa rangi. Anashangaa hampaki, ndiyo maana ameanza mwenyewe."

"Mfukuze," Dalali alinong'ona. "Tafadhali."

"Mgeni haondolewi na mpita njia. Huondolewa na mwenye nyumba. Mlete. Lakini kwanza umwambie ukweli, na umwambie humu humu ndani, kuta zilizosikia uongo zisikie na hayo."

Dalali alimsihi. Alisema Shangazi ni mzee, moyo wake hauwezi kustahimili. Mtabibu akamtazama juu ya miwani, akauliza ni moyo wa nani hasa anaouogopea. Dalali akaenda kuwasha gari.

Shangazi aliingia na mkoba wake begani. Alikuwa amechana nywele na kuvaa nguo ya kutokea. Dalali alikuwa amemshika mkono kumshusha kwenye gari, na bibi hakuacha kushukuru njia nzima, mafundi wa siku hizi wavivu sana, asante mwanangu kwa kuwasimamia. Giza lilikuwa linaingia na Mtabibu alitaka taa zote ziwashwe. Zikawaka. Nje majirani walioliona Kabati likimeremeta baada ya siku nyingi walianza kusogea, mmoja, wengine, hadi barabara ikajaa watu, na Dalali alijua kwamba wao wanamwona vizuri kuliko yeye anavyowaona.

Shangazi alitazama kuta. Akapitisha kidole kwenye ukuta uliofifia. "Mbona hawajapaka?" aliuliza.

Dalali alipiga magoti. Akasema yote, la kikao, la wanunuzi, la hati, la kila jioni aliyosema unyevu, na kila alipofikia mahali pa kupunguza kidogo alimsikia Mtabibu akikohoa, akarudi akalisema lote. Nyuma ya kioo watu walikuwa wakitazama. Hawakusikia maneno, ila mtu mzima akipiga magoti mbele ya mzee wake, kumwelewa hakuhitaji masikio.

Mkoba ulimteleza Shangazi begani, akauacha uanguke.

"Kwa hiyo siku zote hizo," alisema mwishowe, "nilipokuuliza, ulikuwa unanitazama usoni."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mimi ningeuza, mwanangu. Magoti yangu nayajua mwenyewe. Ungeniuliza tu."

Hakusema neno jingine la kumlaumu, na Dalali alitamani angepigwa. Bibi aliushika mti wa koridoni kwa mkono mmoja akipita, akashuka shimoni polepole, akaketi mahali pake. Akaugeukia mto uliobonyea pembeni yake, na sauti yake ilikuwa ile ya mwenye nyumba anayefunga mlango jioni. "Umekaa vya kutosha," aliuambia. "Aliyekukaribisha hakuwa na nyumba ya kukupa. Sikukasirikii. Ondoka."

Mto ukashusha pumzi, ukajaa. Majani ya mti yakatikisika kutoka chini kwenda juu, hadi kwenye tundu la paa, kisha yakatulia. Harufu ya rangi ilikatika ghafla, na hewa iliyobaki ilikuwa ya vumbi na nyumba kuukuu, na Dalali hakuwahi kunusa kitu kizuri kama hicho.

Mtabibu alikuwa akivaa viatu vyake. "Maneno yale ya kukaribisha," alimuuliza Dalali, "uliyasema kwingine bila kuyamaanisha? Fikiri vizuri. Aliyeondolewa hutafuta pengine palipo na ahadi ya namna hiyo."

Dalali alifikiri. Aliuona mlango wa chumba cha uani, aliiona mikono yake miwili ikiufungua. Shangazi alikuwa pale pale, anasikiliza, anakusanya nguo zilizomwagika mkobani. Usiku huo Dalali alikuwa amekwisha kumnyang'anya kila wema alioamini. Je, amwambie pia kwamba hata ile karibu ilikuwa ya biashara?

"Hakuna kwingine," alisema.

Mtabibu alimtazama, akafunga mkoba, akaenda zake.

Shangazi hakurudi chumba cha uani. Alimwita rafiki yake mshonaji aje alale naye, na siku zilizofuata alimpigia simu mke wa daktari wa meno, akamwonyesha nyumba yeye mwenyewe, tundu la paa na ngazi mbaya na yote, akamuuzia kwa sharti kwamba mti usikatwe. Kisha akahamia kwa yule mshonaji, mahali alipopachagua. Dalali alikabidhi funguo. Shangazi alimshukuru kwa adabu, kama anavyoshukuriwa dalali yeyote.

Siku zote hizo Dalali hakukifungua chumba cha uani. Aliona aibu hata ya kukunja shuka. Jioni ya kukabidhi funguo alirudi nyumbani akamkuta mwanawe anakula, amenuna.

"Dalali, umeita fundi?" aliuliza. "Nyumba inanuka rangi tangu juzi."

Dalali alitoka kwenda uani. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, na ndani hakukuwa na taa. Aliweka kiganja kwenye fremu kujizuia, na kiganja kikanata. Karafuu ikamfikia. Alijua la kufanya, kwa sababu alikwisha kulifanya mara moja. Lilikuwa sentensi moja tu ya kweli, mimi sikukukaribisha, nilikudanganya, chumba hiki si chako. Ndani ya giza, mikono iliacha kusugua magoti.

"Rangi imekauka?"

Nyuma yake mwanawe alikuwa amekuja na kusimama mlangoni, anatazama, anasikiliza. Na mbele ya mtoto wake ulimi wa Dalali ulishika njia iliyozoea.

"Bado, Shangazi," alisema. "Unyevu."